Mapambo ya Krismasi kwa Mikono ya Watoto: Mwongozo Kamili kwa Nyumba za Mtwara na Lindi

Kabla hujanunua unga wala rangi, tazama kwanza mti utakaoupamba. Pwani ya Kusini, kuanzia Kilwa mpaka Msimbati, mti wa Krismasi mara nyingi ni tawi la mvinje lililosimikwa kwenye ndoo ya mchanga. Mvinje unapendeza, lakini vijitawi vyake ni vyembamba na vinaning'inia. Ukivitundikia kitu kizito vinainama mpaka pambo linagusa sakafu, na upepo ukipita dirishani utasikia vitu vikidondoka usiku kucha. Basi kipimo cha kwanza ni uzito, uzuri utafuata. Pambo la unga lisizidi upana wa sentimita 6, na kila pambo liwe jepesi kiasi kwamba mtoto akilishika anaweza kusahau kwamba ameshika kitu.

Kipimo cha pili ni mvua. Kusini tuna msimu mmoja wa mvua, unaoanza mwishoni mwa Novemba au ndani ya Desemba na kwenda mpaka Aprili au Mei. Hewa ya pwani ina unyevu hata kabla mvua haijashuka. Pambo la unga lililoanikwa katikati ya Novemba linakauka kikavu cha kweli. La tarehe 20 Desemba, mawingu yakiwa yametanda, litabaki laini katikati na ukungu utaliota kabla ya mkesha. Kwa hiyo vitu vinavyotaka jua vifanywe Novemba, mwisho wa wiki. Ukili (utepe wa majani uliosukwa kwa ajili ya mikeka), vitenge na vyelewa (njiti za makuti ya mnazi) vingoje shule zifungwe, maana hapo ndipo nyumba inapojaa watoto wa kwako na wa jirani. Karatasi ziachwe wiki ya mwisho.

Najua Novemba ni wakati wa korosho na wakubwa wako shambani au wanafuatilia mnada. Hakuna ubaya. Kazi ya kwanza inahitaji asubuhi moja tu ya mtu mzima. Siku zinazofuata ni za jua.

Donge la unga na chumvi

Hili ndilo pambo ambalo mtoto wa miaka mitatu na wa kumi na mbili wanaweza kulifanya pamoja, kila mmoja kwa kadiri yake, kwa hiyo nitakaa hapa kwa muda mrefu kidogo.

Unahitaji vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi laini, na maji ya uvuguvugu robo tatu ya kikombe, huku robo iliyobaki ikiwa pembeni kama akiba. Kikombe ni chochote ulicho nacho, mradi utumie hicho hicho kwa vyote vitatu. Vipimo hivi vinatoa mapambo zaidi ya thelathini. Chumvi ya mawe inayovunwa kwenye mashamba ya chumvi ya huku kwetu inafaa, ila chembe zake ni kubwa. Itwange kwenye kinu na kuichekecha kwanza, la sivyo pambo litakuwa na vishimo. Usitumie unga uliokwisha kuchanganywa hamira, utavimba. Usijaribu pia kubana matumizi kwa kutumia unga wa muhogo au sembe: hauna mnato wa ngano, na donge litapasuka likikauka. Muhogo una kazi yake nyingine, tutaufikia.

1. Changanya unga na chumvi vikiwa vikavu kwenye sinia pana. Hii ni kazi ya mdogo kuliko wote.

2. Mwaga maji kidogo kidogo huku mkubwa mmoja akikanda. Kanda kwa dakika 10 hivi. Watoto wapokezane, kwa sababu mikono midogo huchoka upesi. Donge likiwa tayari halinati kidoleni, na ukilibonyeza kwa gumba kingo hazipasuki. Likinata ongeza unga kijiko kimoja. Likipasuka chovya mikono majini uendelee kukanda.

3. Lifunike kwa kitambaa kibichi dakika 20. Ukiruka hatua hii donge litakuwa linarudi nyuma kila ukilisukuma.

4. Mpe kila mtoto bonge la ukubwa wa ndimu. Weka vijiti viwili vya unene wa nusu sentimita, kimoja kila upande wa bonge, kisha asukume kwa chupa ya soda au mti wa chapati mpaka chupa ikanyage vijiti. Hapo unene utakuwa sawa kote. Pambo lenye upande mnene na upande mwembamba hukauka upande mmoja na kujikunja.

5. Kata maumbo. Kikombe cha kahawa kinatoa duara zuri. Maumbo mengine yachorwe kwenye kipande cha boksi, yakatwe, kisha yawekwe juu ya donge na kuzungushiwa kisu cha mezani kisicho na makali.

6. Toboa tundu la uzi kwa mrija wa soda, sentimita 1 kutoka ukingoni. Fanya sasa hivi. Pambo likishakauka halitobolewi, linavunjika.

7. Geuza pambo, na kwa kijiti mwandike mtoto jina na mwaka.

Kuhusu maumbo: kengele na malaika ni sawa, lakini mwache mtoto atazame nje. Dau lenye tanga ni rahisi kukata, pembetatu juu ya nusu duara. Samaki ni rahisi zaidi, na magamba yake hugongwa kwa mdomo wa mrija uliokatwa nusu. Anayependa vinyago mwache atoboe macho na kuchora chale za usoni kwa ncha ya msumari.

Pambo ninalolipenda kuliko yote ni bibo, tunda la mkorosho. Mkorosho wenyewe ukizaa unakuwa umejipamba, mekundu huku, ya njano kule, kila moja na korosho yake chini. Kata umbo la bibo, jembamba juu, pana chini. Kisha finyanga korosho ndogo iliyopinda, lowesha sehemu ya kuungana kwa tone la maji, kwaruza pande zote mbili kwa kijiti zishikane, na uibandike chini ya bibo. Chini, narudia. Mtu akiibandika juu, mtoto yeyote wa Newala au Tandahimba atamcheka.

Kwa watoto wadogo sana ambao kukata bado ni kazi, tumia kubonyeza. Jani la mkorosho lina mishipa iliyotokeza vizuri kwa nyuma. Liweke upande huo juu ya donge, pitisha chupa mara moja, libandue taratibu. Vile vitambaa vya kufuma vinavyofunika makochi sebuleni navyo vinaacha ua zuri ajabu. Omba ruhusa kwa mwenye kitambaa kwanza, kisha kifuliwe siku hiyo hiyo kabla chumvi haijakauka ndani ya nyuzi.

Kukausha

Jua ni njia ya bure na ndiyo salama zaidi. Panga mapambo kwenye ungo au chekecheke ili hewa ipite chini, yageuze mchana, na yaingize ndani kabla jua halijazama, maana umande wa usiku huyarudisha yalikotoka. Siku tatu hadi nne za jua kali hutosha. Kuku wana chumvi yao ya kutafuta, kwa hiyo weka ungo juu.

Mwenye oveni aiweke nyuzi joto 100 hadi 120 kwa saa mbili mpaka tatu, akigeuza katikati. Kwa jiko la mkaa fanya kama unavyooka keki: sufuria kubwa yenye mchanga mkavu chini, sinia ya bati yenye mapambo ndani yake, mfuniko juu na makaa machache juu ya mfuniko. Makaa yawe kidogo kweli kweli. Mapambo yakianza kuvimba kama maandazi, moto umezidi. Ondoa makaa ya juu na uache mfuniko wazi kidogo. Hatua hii ni ya mtu mzima peke yake.

Utajuaje kwamba yamekauka? Gonga kwa ukucha. Kavu inalia kwa sauti kali, mbichi inatoa sauti butu. Likandamize kwa kidole upande wa nyuma: pakibonyea au pakiwa na ubaridi, bado.

Rangi za maji za shuleni zinatosha. Rangi iwe nzito, maji machache, kwa sababu maji mengi yanayeyusha chumvi ya juu. Ukitaka rangi ya ndani, weka binzari ya manjano au kahawa ya unga kwenye donge wakati wa kukanda. Bibo la binzari halihitaji hata brashi. Zile rangi za unga za kutia ukili ziache mbali na donge, zinang'ang'ania mikononi na hazifai mtoto anayenyonya vidole.

Baada ya rangi, paka vanishi mara mbili, mbele, nyuma na ndani ya tundu. Usiidharau hatua hii. Chumvi huvuta maji ya hewani, na pambo lisilofungwa kwa vanishi litaanza kutoa jasho mvua ya kwanza ikinyesha. Vanishi ina harufu kali, hivyo ipakwe nje, na mtu mzima, watoto wakiwa wanafanya kitu kingine.

Nyota ya vyelewa

Ujerumani, nchi ilikotoka desturi ya mti wa Krismasi, kuna nyota za zamani zinazotengenezwa kwa mabua ya ngano. Huku hatuna ngano. Tuna minazi, na chelewa ni jepesi, tena gumu kuliko bua. Chomoa vyelewa kutoka fagio jipya ambalo halijagusa uwanja, au chuna kuti kavu mwenyewe. Nyota moja inataka vyelewa vitano vya sentimita 12. Kata ncha nyembamba, chukua sehemu ya katikati iliyo na unene sawa, na ncha zote zisuguliwe kwenye saruji ziwe butu. Chelewa ni kitu cha kuchoma jicho, kwa hiyo kazi hii ni kwa watoto wa miaka saba kwenda juu, wakiwa wameketi.

Chora nyota ya pembe tano kwenye boksi bila kuinua kalamu, kama wanavyochora kwenye daftari, na uzipe pembe namba 1 hadi 5 kwa kuzunguka. Chelewa la kwanza linalala kutoka 1 hadi 3, la pili kutoka 3 hadi 5, la tatu kutoka 5 hadi 2, la nne kutoka 2 hadi 4, la tano kutoka 4 kurudi 1. Funga kila pembe kwa uzi wa cherehani, mizunguko sita au saba, kisha fundo. Pembe zote tano zikishafungwa, nyota bado italegea; funga pia pale vyelewa vinapokatizana katikati, angalau sehemu tatu, ndipo itakaza. Ukitaka rangi, zungushia uzi wa sufi au utepe mwembamba wa kitenge. Mimi naziacha na rangi yake ya kahawia, ila watoto hawakubaliani nami.

Nyota kubwa ya kileleni ifuate njia hiyo hiyo kwa vyelewa vya sentimita 25, viwili viwili kila upande.

Ukili

Kama kuna bibi anayesuka mikeka jirani, hapa ndipo pa kwenda kumwamkia. Kuti bichi la mnazi linavutia kwa sababu lipo tele na watoto wanajua kusuka vidude vyake, lakini likikauka linanywea, msuko unalegea, na kabla ya wiki pambo limefunguka lenyewe. Ukindu au miyaa iliyokwisha kuanikwa haina tatizo hilo.

Njia nyepesi ni kuomba au kununua ukili mwembamba uliosukwa tayari, wenye upana wa kidole kimoja. Robo pima (pima ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa) inatoa mapambo mawili au matatu. Uloweke majini dakika 10 ulainike, uukunje kuwa pete yenye upana wa sentimita 5, pitisha mwisho mmoja juu ya mwingine na kushona kwa sindano nene. Mtoto anaweza kutundika katikati ya pete ushanga mmoja, au kikorosho cha donge, au shada la nyuzi. Pete mbili, moja ndani ya nyingine na kugeuzwa zikatizane, zinakuwa tufe jepesi linalozunguka lenyewe upepo ukipita.

Anayetaka kujifunza kusuka kweli aanze na chane tatu, asuke kama nywele. Kisha bibi atamwongoza. Maandishi hayafundishi kusuka ukili. Na katika nyumba nyingi za pwani bibi huyo ni Mwislamu, wajukuu zake ndio watakaokuja kucheza na wa kwako. Wape maumbo ya nyota, samaki na dau wajipambie wanavyotaka, na sahani ya pilau siku yenyewe.

Mpira wa kitenge

Mipira ya kioo ilianza kutengenezwa Lauscha, mji wa wafua vioo huko Ujerumani, katika karne ya 19. Ya kwetu haivunjiki, na mwalimu wake ni mtoto yeyote aliyewahi kusuka mpira wa chandimu. Finyanga gazeti liwe la ukubwa wa limau, lizungushie uzi mpaka likaze, kisha lifunike kwa tepe za kitenge za upana wa sentimita 2, kila tepe ikianzia juu na kuishia juu. Vipande vya kitenge omba kwa fundi cherehani. Mbele ya Krismasi meza yake inafurika. Usitumie matambara ndani badala ya gazeti, uzito utazidi.

Gundi ndiyo kazi ya muhogo niliyoahidi. Vijiko 2 vya chakula vya unga wa muhogo uliochekechwa sana, kikombe 1 cha maji baridi, koroga mpaka mabonge yaishe, kisha bandika kwenye moto mdogo ukikoroga bila kuacha mpaka weupe utoweke na uji uwe unang'aa. Ongeza kijiko cha chai cha chumvi. Ikipoa inashika kitambaa na karatasi vizuri. Baada ya siku mbili inaanza kunuka, kwa hiyo pika kidogo. Hiyo hiyo inatosha kwa minyororo ya karatasi kutoka kalenda za zamani, ambayo sina haja ya kuieleza: mtoto wa darasa la kwanza anaijua.

Mlangoni, tumia maganda ya mkrismasi, ule unaowaka maua mekundu kipindi hiki hiki. Maganda yake makavu ni marefu mno kwa mvinje, lakini manne au matano yakipakwa mistari na kufungwa pamoja yanakuwa shada linalolia kama kayamba mgeni akisukuma mlango.

Vitu visivyotakiwa mezani

Korosho ghafi. Inavutia sana kutundika korosho halisi, lakini ganda lake lina mafuta yanayounguza ngozi, na mtoto akishika kisha akajifuta jicho utakimbilia zahanati. Wala usiitupe jikoni ipasuke: moshi wake unawasha.

Turituri, zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi, na mbegu za mbarika. Zote ni nzuri na zote ni sumu, hasa zikitafunwa au kutobolewa. Kwa shanga tumia mbegu za ubuyu au ukwaju.

Simbi na makombe ya pwani kwa mvinje ni mazito. Yakipendwa, yawe machache na matupu kabisa, na usiokote kitu ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma.

Pamba ya kuigiza theluji pia siipendi. Sababu moja ni kwamba theluji haijawahi kunyesha Lindi. Ya pili ni kubwa zaidi: pamba juu ya tawi linalokauka ni chakula cha moto. Mshumaa usikaribie mti huo hata kwa picha.

Mapambo ya chumvi yana harufu ya mkate. Mwambie mtoto mapema kwamba hayaliwi, na yatundike juu kama nyumbani kuna anayetambaa au mbwa, kwa sababu chumvi nyingi namna ile inadhuru.

Kutundika na kutunza

Tawi la mvinje liombe kwa mwenye mti, likatwe siku tatu au nne kabla ya sikukuu, wala lisikatwe kwenye ile iliyopandwa ufukweni kuzuia mchanga. Mchanga wa ndoo uloweshwe kila asubuhi. Uzi wa kutundikia uwe wa sentimita 15, ufungwe kitanzi, uzungushwe mara mbili kwenye kijitawi ndipo usiteleze. Mapambo ya donge yakae karibu na shina ambako tawi lina nguvu. Nyota, pete na mipira ziende nje. Watoto watajaza upande mmoja tu, ule wanaoufikia. Usihamishe kitu wakiwa macho.

Januari, anika kila kitu juani nusu siku kabla ya kufunga. Kata gazeti, funga pambo moja moja, panga kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, mapambo ya donge chini na vyelewa juu. Mipira ya kitenge iliyobandikwa kwa gundi ya muhogo itupe kama imelowa hata kidogo, panya wataifuata. Mvua zikikatika, mwezi Mei au Juni, fungua ndoo. Pambo la donge lililolainika halijaharibika bado: lirudishe juani siku mbili, paka vanishi upya pale ilipobanduka, na lirudi ndoani.